Taja Kilichokutoka

Neno lililotaka kuivunja nyumba yetu ni neno la kawaida kabisa, na hadi leo nikilisikia redioni nacheka peke yangu. Neno lenyewe ni matumizi. Mama yangu alikuwa mtu wa Kondoa, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha umma, na kwake matumizi yalikuwa maelezo: umechukua nini, umekipeleka wapi, kimebaki nini. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mtu wa Pwani, mzaliwa wa Dar es Salaam hii hii, na kwake matumizi yalikuwa kitu kimoja tu: fedha anayoiacha mume asubuhi ili mkewe na watoto wale. Mke anayesimama mlangoni kudai matumizi, kwa akili ya bibi, alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda kwa kadhi.

Tulipanga Temeke, vyumba vitatu katika nyumba yenye ua mpana na majirani wa kila kabila. Kwetu tulikuwa watu watano: baba, mama, bibi, mimi niliyekuwa darasa la tano, na mdogo wangu wa kiume ambaye shule alikuwa bado anaisikia tu. Baba alikuwa fundi seremala Keko, akitengeneza vitanda na makabati kando ya barabara. Fedha yake ilikuja kwa mkupuo kitanda kikinunuliwa, halafu zikapita siku hakuna hata anayesimama kuuliza bei. Mshahara wa mama ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na tarehe, ingawa miaka ile tarehe yenyewe nayo ilikuwa imeanza kuteleza.

Ilikuwa miaka ya tisini, maduka yamejaa. Aliyezaliwa baadaye hawezi kuelewa neno hilo, kujaa. Mimi nilipokuwa mdogo zaidi, sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kupewa kwa mgawo, na mtu akisema ameiona khanga mpya mahali fulani wanawake walitoka mbio na masufuria yakiwa bado jikoni. Kisha ghafla kila kitu kikarudi. Siagi ya mkebe, sabuni za kunukia, biskuti za rangi, hotpoti zenye maua, mitumba milima kwa milima. Watu walinunua kwa uchu wa miaka yote waliyokosa, na sisi hatukuwa watakatifu.

Basi siku moja mwenye nyumba akaja, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yetu hadi ikaisha, ndipo akasema ameiuza nyumba. Aliyenunua anataka kuvunja ajenge gesti. “Idi ikipita, naomba mnipishe,” alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu muungwana aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baba na mama walikuwa na kiwanja Tegeta, wakati huo Tegeta ikiwa mbali kiasi kwamba ukisema unajenga huko watu walikuuliza kama unafuga. Nyumba ilikuwa imesimama hadi kwenye lenta. Ilikosa paa tu, na Idi mwaka ule ilikuwa inaangukia mlangoni mwa masika. Nyumba isiyo na mabati wakati wa masika hukaliwa na vyura. Usiku ule niliwasikia wazazi wangu nyuma ya pazia wakipanga itakavyokuwa wakishindwa: bibi aende Kunduchi kwa baba mkubwa, mimi na mdogo wangu tupelekwe Kondoa kwa wajomba, baba alale kwenye banda lake Keko, na mama ajisitiri kwa mwenzake wa kazini. “Kwa muda tu,” baba alisema. Mimi niliogopa sana. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kuna familia mtaani kwetu zilizogawanyika kwa muda tu na hazikukutana tena chini ya dari moja.

Kuanzia siku hiyo mama alianza kuitazama fedha ya nyumba kwa jicho la stoo. Nilimsikia akisema peke yake huku akikunja nguo, “Inaingia, naiona inaingia. Sioni mlango inaotokea.” Na asubuhi moja, baba akiwa uani anapiga mswaki, mama akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akasema kwa sauti ya mtu anayechelewa gari:

“Baba watoto, jioni nataka matumizi. Ya wiki nzima. Yote, usinifiche hata senti.”

Baba akatikisa kichwa na povu mdomoni. Bibi alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Nilimwona akiuweka ungo chini polepole, akajifunga khanga vizuri. Hakuuliza kitu. Kwa ustaarabu wa kwao, mambo ya mke na mume hayaulizwi, yanaitiwa wazee. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshampa ujumbe yule mama muuza samaki aliyepita kwetu akitokea Kunduchi, na ujumbe wenyewe, nilikuja kuujua baadaye, ulikuwa mfupi: mkwe anadai matumizi mbele ya watoto, njooni kabla hajatoka.

Jumapili wakaja. Baba mkubwa, kaka yake baba, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki mnadani, kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo na wake zao. Walikaa barazani, wakaulizana hali, wakaulizana tena. Mama hakujua wamefuata nini, wala hakuuliza. Mgeni ni mgeni. Aliingia ndani, akafungua mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa na fedha ya mabati, akanipa noti. Nyama, mchele, mbatata, bizari nzima, usisahau iliki. Nilitembea hadi buchani nimeikunja ile fedha mkononi, roho inaniuma, maana nilijua kila kipande cha nyama kitakachopimwa pale ni kipande cha paa letu.

Walikula pilau ikaisha. Kisha baba mkubwa akajisafisha koo, watoto tukafukuzwa, nami nikajibanza nyuma ya pipa la maji ambako kila mtu alijua nipo.

“Shemeji,” alianza, kwa upole ambao hakuuzoea, “sie tumekuja kwa heri. Tunataka kujua. Mdogo wangu hakuachii matumizi?”

“Ananiachia, shemeji.”

“Yanatosha?”

“Tunajitahidi, yanatosha.”

“Sasa unadai matumizi gani?”

“Yake.”

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akauliza kama ana maana ya matumizi ya mke mwingine, kwamba huenda kuna nyumba ndogo mahali, na baba aliyekuwa amekaa pembeni akaruka, “Jamani! Mie?” Bibi akasema hakumzaa mtoto wa namna hiyo. Ikawa kelele. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akainama, akashika tumbo, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi, kisha akawaeleza: kazini kwake mtu akichukua misumari lazima aseme imekwenda wapi, na kule kusema ndiko kunakoitwa matumizi, na yeye alitaka tu mumewe amwambie fedha ya fundi inakwenda wapi kabla haijafika nyumbani.

Baba mkubwa alicheka hadi kofia ikaanguka. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haachi jambo likapita hivi hivi. Alipoiokota kofia akauliza, “Sasa hayo matumizi yenu ya kikarani, shemeji, mnaandika?”

“Hapana. Akiandika mmoja, wengine wanalala. Tutataja. Jioni tukishakula, kila mtu anataja kilichomtoka siku hiyo. Anajisikia mwenyewe kwa masikio yake.”

“Haya, ataje nani kwanza?”

Hapo ndipo nilipoanza kumwona mama yangu. Nilikuwa naye tangu kuzaliwa lakini siku ile, nyuma ya pipa, ndipo nilipomwona. Angeweza kumgeukia baba. Kila mtu alikuwa anamtazama baba. Alijigeukia mwenyewe. Alisema mbele ya mama mkwe wake na wazee wa ukoo kwamba ana hotpoti tatu alizochukua kwa mali kauli kutoka kwa mwenzake wa kazini, kwamba anakatwa kila mwisho wa mwezi, na kwamba hazijawahi kutiwa wali hata siku moja, zimekaa kabatini zinatazamwa. “Nimezichukua kwa sababu mwenzangu alizichukua,” alisema. “Hicho ndicho kilichonitoka mie.” Wale wake wa wazee waliinamisha macho, nami nadhani kila mmoja alikuwa anaziona hotpoti zake mwenyewe.

Baba akafuata kwa kujikunakuna. Kahawa. Kila jioni akitoka Keko alipita kwenye baraza ya kahawa karibu na msikiti, na hakuwahi kunywa kikombe peke yake; alilipia baraza nzima. Kashata juu yake. Sigara za kununua mojamoja, moja kwake na moja kwa aliyekaa jirani. Alipotaja aliacha katikati, akafunga mdomo, maana alikuwa ameanza kujumlisha kichwani. Sikuwahi kumwona baba akishtushwa na maneno yake mwenyewe kabla ya hapo.

“Na wewe, mama?” baba mkubwa alimuuliza bibi.

“Mie mtu mzima,” bibi alijibu. “Sitajishwi.”

Mama alidakia haraka, “Mama hana sharti hilo, shemeji. Atataja akipenda.” Bibi akavuta khanga yake, mambo yakaishia hapo, na wageni wakaondoka wameshiba na wamefurahi.

Tulianza jioni ile ile. Tulikula pamoja sinia moja, na kabla ya kunawa mama alikuwa anasema, “Haya, kila mtu ataje kilichomtoka.” Sheria zake zilikuwa chache na ndizo ninazozihusudu hadi leo, mimi niliyejaribu kwa mume wangu na watoto wangu nikashindwa kwa sababu ya mdomo. Hakuna kugombezwa. Hakuna kuulizwa kwa nini. Hakuna kucheka, ila mwenyewe akicheka kwanza. Ukishataja, mama alisema “ahsante,” akageuka kwa mwingine. Hiyo ahsante ilikuwa kali kuliko fimbo. Niliwahi kutaja ubuyu, barafu ya ukwaju na ubuyu tena, nikapewa ahsante yangu, na usingizi ukanikataa.

Mdogo wangu hakuwa na fedha lakini alidai zamu yake, kwa hiyo jioni moja alisimama kwa heshima zote, akafungua mkono na kusema, “Mie kimenitoka jino.” Lilikuwa hapo kweli, limetoka mchana. Baba alianguka kwa kicheko, na mama akasema ahsante kama kawaida.

Kitu cha kwanza tulichokigundua hakikuwa na mwenyewe wa kulaumiwa. Ulikuwa mkaa. Mama alitaja mkaa wa asubuhi, mimi nikataja mkaa niliotumwa na bibi mchana, baba akataja mkaa aliokuja nao jioni akidhani kafanya jambo la maana. Wote tulikuwa tunanunua kwa kopo, kila mtu akiamini ni yeye pekee. Ikawa hivyo hivyo kwa mafuta ya taa, hivyo hivyo kwa viberiti. Tulikuwa na viberiti kila dirisha na bado kila mtu alikuwa ananunua. Mwisho wa mwezi mama akanunua gunia zima la mkaa kutoka kwenye lori, akalisimamisha jikoni, na tofauti yake akaiita bati. Kila kitu alikigeuza bati. “Hiyo ni nusu bati.” “Hapa tumelala na bati moja, geji ishirini na nane.” Tukaanza wote kuongea hivyo. Nikipita dukani nikaona biskuti, niliona misumari.

Kahawa ilikuwa vita, na ilikuwa vita ya baba peke yake, kwa maana mama hakumwambia neno. Mwanamume wa mtaa ule hawezi kukaa barazani akajinywea peke yake na wenzake wanatazama. Baba akaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mitaro, kama mdaiwa. Akija nyumbani viatu vina matope, anataja, “Leo kahawa hapana,” na uso hauna raha. Alivumilia hivyo kwa siku kadhaa, halafu wale wa barazani wakamtuma mtu kuja kuuliza kama anaumwa. Baba akatoka mwenyewe, akaenda kusimama mbele yao na kusema kweli: “Jamani, sina. Naezeka nyumba.” Aliogopa watamcheka. Walimsogezea nafasi, wakamnywesha, na kuanzia siku ile hadi tunahama Temeke hakuruhusiwa kulipa. Alitutajia hilo jioni. Nadhani hakujua kabla ya hapo kwamba alikuwa anapendwa bure.

Halafu Ramadhani ikaingia, na hapo mama alinishangaza zaidi. Nilitegemea atabana. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuwa bahili kuliko yeye, nahesabu tambi kwenye sahani za watu. Lakini futari yetu haikupungua, na sahani iliyofunikwa kwa kawa iliendelea kwenda kwa kila jirani wa ua ule, Mwislamu na Mkristo, kama miaka yote. Kulipotokea msiba nyumba ya tatu alitoa mchango wake kamili. Jioni hiyo nilimuuliza, kwa kiburi cha mtoto aliyejifunza sheria jana, mbona hakuutaja.

“Kwa sababu haujanitoka,” alisema. “Nimeupeleka.”

Sikuelewa. Sasa naelewa, na katika kila nilichojifunza kwa mwanamke yule, hiki ndicho nimekishika. Kuna fedha inayokutoka ukiwa umelala na fedha unayoipeleka ukiwa macho, na mtu mzima ni yule anayezijua mbili hizo asichanganye. Kuna watu wenye digrii za uhasibu nimefanya nao kazi ambao hawakuwahi kufika hapo, na mimi mwenyewe siku nyingine nafika, siku nyingine napotea.

Pamoja na yote hayo, hayakutosha. Katikati ya mfungo baba alirudi kutoka kwa wauza mabati, akakaa na kusema kwamba wakiezeka vyumba viwili tu na kuacha sebule wazi, bado tunapungukiwa. Vitanda havinunuliwi Ramadhani. Watu wananunua sukari na tende. Mama alikuwa ameshazirudisha hotpoti kwa mwenzake, makato yamesimama. Hapakuwa na kitu cha kutaja tena. Tulifuturu. Mama akasema, “Nitawaandikia wajomba Kondoa,” na mimi nikaacha kutafuna, maana nilielewa barua hiyo inahusu nani.

Bibi akaweka kikombe chake cha uji chini. “Na mie nitaje,” alisema.

Alinyanyuka, akatuita sote chumbani kwake, akafunua kitambaa kilichoning'inia hadi sakafuni kuzunguka kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na sabuni. Miche ya sabuni ya kufulia, mirefu, imepangwa kwa ustadi kama tofali, kutoka ukutani hadi ukingoni, na juu yake magazeti. Nilikuwa nalala chumba kile kile na bibi na sikuwahi kujua nalala juu ya duka. Kila senti aliyopewa na baba, na baba mkubwa, na wapwa zake siku za Idi, aliigeuza sabuni.

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amesimama ameshika nguzo ya kitanda na alizungumza na mama peke yake, kana kwamba sisi hatupo.

“Mkwe wangu, mume wangu mie alikufa mwaka wa shida. Tulizunguka mtaa huu wote, nyumba kwa nyumba, tunaomba kipande cha sabuni cha kumuoshea. Mtu mzima, ana watoto, ana wajukuu, anaombewa sabuni. Nikasema haitatokea tena kwenye nyumba nilalayo mie. Nikiiona dukani siwezi kuiacha. Najua imejaa. Najua kesho itakuwepo. Siwezi. Basi hicho ndicho kilichonitoka.”

Nilimtazama mama. Alikuwa mtu wa stoo. Nilijua macho yake yameshaihesabu ile sabuni. Lakini hakusema bati. Wala hakusema ahsante. Alipiga magoti, akavuta mche mmoja kutoka juu, akaufuta vumbi kwa upande wa khanga yake, akaufunga kwenye kitambaa cheupe na kumwekea bibi mikononi. “Huu hauuzwi, mama,” alisema. “Huu ni wetu, tutahama nao.” Ndipo bibi akakaa kitandani, akalia kwa kilio ambacho nadhani kilikuwa kimemsubiri tangu siku ya mazishi ya babu.

Sabuni iliyobaki aliiuza mwenyewe. Alikataa kabisa baba asiibebe kwenda sokoni. Aliweka kigoda mbele ya nyumba, meza ya baba ya Keko mbele yake, akawa anaikata vipande kwa uzi, na mtu mzima yule aliyekuwa hatajishwi akawa anatangaza bidhaa yake kwa sauti hadi barabara ya pili. Sabuni iliyokauka miaka haiyeyuki haraka, na wanawake wa Temeke hawakuhitaji kufundishwa hilo. Walikuja na beseni. Mama wa nyumba ya jirani alinunua, akaenda, akarudi na dada yake. “Mke mwenzangu,” bibi aliniambia, akinitania kama mabibi wa Pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, “njoo unishikie uzi, tunaezeka.” Siku mbili kabla ya Idi baba alifunga mabati juu ya mkokoteni, akaenda kuyapakiza kwenye lori, na sisi tukakimbia nyuma yake tukishangilia hadi kwenye kona.

Tulihamia Tegeta Idi ilipokwisha. Vyumba viwili vilikuwa na paa, sebule ilikuwa na mbingu. Mvua ilianza siku ya nne, alasiri, kwa kishindo, na mlio wake juu ya mabati mapya ulikuwa mkubwa hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Mdogo wangu alikimbia chumba hadi chumba akigusa kuta. Baba alisimama kwenye kibaraza na nyundo mkononi, anatazama juu, akitafuta pa kuvuja na hapaoni.

Mvua ilipopungua kidogo akaja mwanamke mmoja wa jirani, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, kutukaribisha. Alimwamkia bibi shikamoo, bibi akaitikia marahaba akiwa kwenye kigoda chake mlangoni. Yule mama akauliza, kama watu wanavyouliza, hapa wamehamia kina nani, ni kwa nani.

Sharti nieleze kitu. Kwa watu wa bibi, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa kwa mwanawe. Hata mke wa mwana akijenga yeye kwa mikono yake, nyumba ni ya mwana, na mama mtu husema, “Nakaa kwa mwanangu.” Sijawahi kumsikia mwanamke wa Pwani wa umri wake akisema vingine. Baba alikuwa amesimama pale pale na nyundo yake, na mama alikuwa nyuma yao anakinga maji ya bati kwa ndoo.

“Hapa kwa mkwe wangu,” bibi alisema. “Mie na mwanangu katupokea.”

Baba hakubisha. Alitazama chini na kutabasamu. Mama aliiweka ndoo taratibu, akapita katikati yetu, akaingia sebuleni kusiko na paa na kusimama mvuani, uso juu, ili tusijue yapi ni maji ya mvua.